Tulizika Mgomba

Jumamosi tulizika mgomba. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na sitaki mtu aniambie ati "tulimzika Chrispine." Chrispine nilimzaa mimi, uzito wake naujua. Ule ulikuwa mgomba. Ulikatwa nyuma ya jikoni kwa shemeji yangu Oundo kule Namboboto, ukapimwa kwa kamba urefu wa kijana wa miaka ishirini na sita, ukavalishwa shati lake la kazi na suruali yake, ukalazwa ndani ya jeneza la mbao kama mtu. Maji ya mgomba yalivuja kwenye mbao mpaka mmoja wa wabebaji akajipangusa mikono kwenye nyasi. Padri alikataa kuja. Alimtuma katekista, naye alisoma haraka haraka kama mtu anayeona mvua inakuja na nguo zake ziko kwenye kamba.

Watu wetu hufanya hivyo mtu akipotelea ziwani. Boma haliwezi kukaa miezi na miezi likingoja mtu ambaye harudi, kwa hivyo mgomba unaingia shimoni kwa niaba yake, watu wanalia, wanakula, wananyolewa, matanga yanaisha. Mimi nilikataa wiki tisa. Walinijia mmoja mmoja, walinijia kwa kikundi, nikawafukuza wote. Shemeji Oundo nilimwambia kama ana haja sana ya kuzika aanze na yeye mwenyewe. Maneno mabaya, najua. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi nilikuwa na uchungu wa kutosha kugawia kijiji kizima.

Chrispine alikuwa akifanya kazi Malaba, kwenye ofisi ya kupitisha mizigo mpakani. Kazi yake ilikuwa kukimbia na karatasi za malori kutoka dirisha hili mpaka dirisha lile. Ijumaa moja alikuja kunitembelea Osieko, ninakoishi, maana mimi niliolewa Namboboto lakini tangu mume wangu afe riziki yangu iko huku ziwani. Jumamosi asubuhi akaingia kwenye mtumbwi na vijana wawili, ati wanaenda kuvua kidogo, kujifurahisha. Saa tano upepo ukavuma. Wale wawili walipatikana siku ya tatu, wakiwa maiti, wakazikwa kwao. Chrispine hakuonekana.

Kwa hiyo nilimtafuta. Wiki tisa, kila asubuhi kabla jua halijachoma, nilitembea ufuoni. Watu wa pwani walinipisha. Walidhani naangalia ndege, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu, kutembeza wageni kwenye matuta ya mchanga na kuwaonyesha wanyama. Sikuwa naangalia ndege. Nilitaka kitu kimoja tu, Mungu ni shahidi wangu, nilitaka mwanangu alale Namboboto kando ya baba yake, yeye mwenyewe, hata kama ni mifupa.

Kilichonivunja ni Vivian. Huyu ndiye binti yangu, na sasa ndiye mtoto pekee niliyebaki naye. Ana mimba ya miezi saba. Watu wa Busibwabo wanaotaka kumwoa walikuwa wamesema vizuri tu, kwa heshima, kwamba hawawezi kuingia kwenye boma ambalo matanga hayajaisha, wala mtoto wao hawezi kuzaliwa humo. Shemeji Oundo alikuja akakaa kwenye stuli yangu, hakupiga kelele. Akasema, "Mama Chrispine, asiyekuwepo na lake halipo. Huyu aliye tumboni yuko." Siku hiyo nikasema sawa, kateni huo mgomba wenu.

Basi wakakata. Shimo likafungwa, na Oundo akasimama juu ya udongo akasema mbele ya watu wote kwamba Chrispine amezikwa, jina lake lisiitwe tena kwa kilio.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa na wageni. Walikuwa wawili, watu wa ofisi ya Chrispine kutoka Malaba. Ken alikuwa bosi wake. Rita alikuwa msichana aliyekaa naye meza moja. Hawakufika kwenye mazishi, malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka hujui mwisho uko wapi, na Ken akaniomba msamaha kwenye simu mara tatu. Kisha akasema, "Mama, Chrispine alikuwa anatuahidi kila siku atatuleta kwa hiyo matembezi yako. Tungependa kuja. Lakini kama hujisikii, tutaelewa."

Nikamwambia njooni. Ningekaa nyumbani kufanya nini, kuhesabu mabati?

Walifika saa mbili na nusu, wamepitia Busia, gari limejaa vumbi. Ken alishuka na viatu vyeupe. Vyeupe, jamani, vya kuendea harusi! Na manukato ambayo kiboko angeyasikia kutoka upande wa Uganda.

"Boss," nikamwambia, "umekuja kutembea ama umekuja kuoa?"

Rita akacheka, kisha akakumbuka kwamba amekuja kwa mama aliyefiwa, akaufunga mdomo kwa mkono. Nikamwambia acheke. Kwenye matanga yale ya mgomba hakuna aliyecheka hata mmoja, na haikunisaidia chochote.

"Mama, aki pole," akasema. "Pole sana. Hatukujua tukuambie nini."

"Msiniambie kitu. Vueni hizo saa zinazong'aa, mnyamaze, mnifuate. Anayekanyaga, akanyage pale nilipokanyaga mimi."

Matuta yetu yako hivi. Ukitoka pale boti za samaki zinapofikia, ukipita neti za kuanikia omena, dagaa wa ziwani, ardhi inaanza kupanda na kushuka, mchanga mtupu, umepangwa na upepo. Mbele yako ni ziwa. Nyuma yako ni mafunjo, marefu kuliko mtu, na ndani ya mafunjo kuna maisha yote unayoyataka na mengine usiyoyataka. Miaka ya nyuma mradi fulani ulikuja hapa na gari zuri ukatufundisha wanawake kumi na wawili kutembeza wageni. Mradi ukaisha, gari likaondoka, wenzangu kumi na mmoja wakarudi kwa omena. Mimi nilibaki kwa sababu mimi ni kichwa ngumu, na kwa sababu darubini ilikuwa kwangu siku walipoondoka.

Naipenda hii kazi. Wacha niseme ukweli, naipenda kuliko nilivyompenda mtu yeyote isipokuwa watoto wangu.

Niliwapeleka kwanza kwenye ukingo wa keremkerem, pale ndege wanapotoboa mchanga na kuingia ndani kama wapangaji wa ploti. Nikawaonyesha njia ya kiboko, pana na laini, na nikawaambia mtu asisimame kati ya kiboko na maji hata kama ni kwa picha. Ken akauliza kama viboko wako karibu. Nikamwambia huyo wa jana alikuwa karibu. Akaanza kutembea akigusa mgongo wa nguo yangu.

"Chrispine alikuwa anatuambia hizi vitu," Rita akaninong'oneza njiani. "Wakati system imelala na madereva wanatutusi dirishani, yeye anaanza stori ya ndege. Madereva wanatulia. Kuna mmoja wa Kampala alikuwa anamwita mwalimu."

"Alisema nini juu yangu?"

"Alisema wewe unaweza soma mchanga kama gazeti."

Nilitembea mbele ili wasinione uso. Kwani alikuwa ananisifu kwa watu? Nyumbani alikuwa akinicheka tu, ananiita mama ndege.

Tulipofika tuta la tatu, nikainua mkono. Wakasimama. Kwenye mchanga kulikuwa na alama mbichi, za asubuhi ile ile.

"Njooni polepole," nikasema. "Inameni. Mnaona huu mstari wa katikati? Huo ni mkia. Na hizi pande zote mbili ni miguu, mnaona makucha yalivyochimba? Mtu huyu hana haraka. Ni kenge. Na ni mkubwa."

"Kenge ndio nini haswa?" Ken akauliza.

"Mjusi, boss. Lakini mrefu kukuzidi ukilala."

Alama zilielekea bondeni, kati ya tuta la tatu na la nne. Lile bonde nililifunga mimi mwenyewe. Ndege wa ufuoni hutaga pale chini, kwenye mchanga mtupu, mayai yenye rangi ya mchanga, na mguu mmoja wa mtu asiyejua unamaliza familia nzima. Kila mwaka wakianza kutaga nafunga bonde kwa kamba na hakuna anayeingia, awe mgeni, awe mvuvi, awe mimi. Mwaka huu pia nilikuwa nimelifunga, kabla ya ule upepo. Sheria yangu naijua na naifuata.

Lakini kutazama kutoka juu ya tuta kunaruhusiwa. Nikajua kenge anafanya nini kule: mamba naye hufukia mayai yake mchangani sehemu kama ile, na kenge hutafuta mayai ya mamba kama walevi wanavyotafuta chang'aa. Mara mbili tu katika miaka yote hii nimemwona akichimba. Niliwaambia walale kifudifudi, tutambae mpaka juu, na Ken na viatu vyake akalala, akatambaa, mchanga ukimwingia shingoni.

Nilifurahi. Hilo nitaliungama mpaka nife, kwa padri na kwa yeyote atakayenisikiliza. Kwa mara ya kwanza katika wiki kumi, nilifurahi.

Tulichungulia. Alikuwa pale chini, mgongo wenye madoa, mkia umetulia, miguu ya mbele inarusha mchanga nyuma.

"Angalieni," nikawanong'oneza, na sauti yangu ilikuwa ya majivuno, ile ya wageni. "Angalieni anavyonusa kwanza. Ulimi ukitoka ananusa. Akipata, anachimba kwa mkono mmoja, halafu mwingine. Hana papara. Mchanga ule ni mlaini, mawimbi makubwa hufika mpaka pale, yanaleta vitu, upepo unafukia. Subirini, sasa hivi mtaona yai."

Ken alikuwa ametoa simu anapiga video. Rita alikuwa na darubini.

"Mama," Rita akasema, "kuna kitu anavuta. Ni kama nguo."

"Ni neti. Wavuvi hutupa neti kuukuu kila mahali, hawana adabu."

"Iko na zipu."

Nikachukua darubini. Kenge alikuwa ameuma kitu cha bluu na anarudi nyuma nacho, akikaza shingo. Kikanyooka, kikang'ang'ania, kisha kikaachia ghafla na mchanga ukabomoka. Na pale penye bluu kukatokea mkanda.

Ule mkanda ulikuwa wa baba yake. Ulikuwa mpana mno kwa Chrispine, kiuno chake kilikuwa kama cha nyigu, kwa hiyo niliuongezea matundu matatu kwa msumari wa moto. La tatu nililitoboa upande, kwa sababu alikuwa akinichekesha. Niliona tundu lile kwa darubini kana kwamba liko kwenye kiganja changu.

Sijui nilishukaje. Kamba ya bonde niliikata kwa tumbo. Ndege waliruka pande zote wakipiga kelele, na mayai nadhani niliyakanyaga, sikuangalia. Kenge alikimbilia kwenye mafunjo. Nilipiga magoti. Sitasema nilichokiona. Mchanga ulikuwa umemtunza sehemu, na sehemu haukumtunza, na hayo yanatosha. Nilivua leso yangu nikamfunika.

Wiki tisa! Nilitafuta mpaka kwenye mafunjo, nilitafuta chini ya mitumbwi ya watu, nilitafuta kwa darubini visiwani ng'ambo, na bonde moja tu sikuliingia, lile nililolifunga mimi kwa mikono yangu ili ndege wasisumbuliwe. Kutoka njia yangu ya kila asubuhi mpaka alipolala ni hatua kumi na tano. Nilizihesabu baadaye, nikazirudia nikidhani nimekosea.

Rita alikuwa ameanza kupiga nduru. Ken alisimama juu ya tuta, simu mkononi, akisema "Ni yeye? Mama, ni yeye?" kama mtu aliyesahau maneno mengine.

"Ni yeye," nikasema. "Ni Chrispine. Leta gari."

"Nitaleta. Hata sasa hivi. Tutampeleka nyumbani, mama, mpaka Namboboto, hakuna shida kabisa."

Na hapo, mtanishangaa, nilisikia raha. Nilimpata. Mwanangu atalala kando ya baba yake. Nilitoa simu nikampigia shemeji kwa furaha, ndiyo, furaha.

"Oundo! Nimempata. Nimempata mtoto! Itisha vijana wachimbe."

Nilisikia akifunga mlango upande wake.

"Usimguse," akasema. "Na usimwite jina tena. Nakuja."

Alifika na pikipiki kabla ya adhuhuri. Watu wa pwani walikuwa wameshajaa juu ya tuta, na naibu wa chifu alikuwa amekuja na daftari lake chini ya kwapa. Oundo hakuwasalimu. Alishuka bondeni, akainua pembe ya leso, akaona, akairudisha. Kisha akakaa mchangani kwa uzito kama mzee wa miaka mia, na machozi yakamtoka. Sitaki mtu afikiri ni mtu mbaya. Alimbeba Chrispine mabegani kila siku ya soko mpaka mtoto akawa mzito.

"Petronilla," akasema. Haniiti hivyo, huniita mama Chrispine. "Sisi tulishamzika."

"Mlizika mgomba."

"Shimo lilichimbwa, likafungwa, na jina lake likasemwa. Kwa huyo mtu boma limeshatoa shimo. Halitoi lingine."

"Basi lifukueni hilo hilo! Toeni huo mgomba muwape ng'ombe, mmuweke mtoto mahali pake!"

"Kaburi halifukuliwi. Unajua halifukuliwi."

"Asiyejulikana huzikwa wapi?" nikamuuliza, ingawa najua. Nilitaka alitamke.

"Mtu wa maji asiye na mwenyewe huzikwa pale pale ziwa lilipomwacha, na shimo lake halihesabiwi kwa boma lolote," akasema, akiangalia chini.

"Yeye ana mwenyewe! Mimi niko hapa! Kwani mimi ni nini, kisiki?"

Ken alishuka akajiingiza. Alikuwa amevua viatu. "Mzee, kwa heshima. Hii ni mambo ya zamani. Gari iko, tutalipia kila kitu, hata pasta tutaleta."

"Kijana," Oundo akamjibu, bila hasira, "wewe jioni utakuwa Malaba. Sisi tutakuwa kwenye boma."

Kisha akanigeukia mimi. "Nikuulize. Wandera alipozama, tulifanya nini?"

Wandera alikuwa binamu yao. Alizama miaka minane iliyopita, tukazika mgomba, na mwezi haujaisha wavuvi wakamleta. Watu walisema kama Ken alivyosema sasa hivi, mambo ya zamani. Shimo la pili likachimbwa.

"Nani alichimba?" Oundo akauliza.

"Baba Chrispine."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Hapana."

"Alikaa siku ngapi?"

Naujua huo muda kama ninavyojua jina langu. Siku ishirini na mbili. Alikuwa anakunywa chai, akasema kikombe ni kizito, akakiweka chini, akainama. Hospitali walisema ni moyo. Mimi nilisema ni moyo. Kanisani nilisema ni moyo. Lakini mwanamke akikaa peke yake anajua anachokiamini, na mimi tangu siku ile naamini kwamba shimo la pili huita aliye karibu.

"Sasa niambie," Oundo akasema polepole, "kwenye nyumba yako amebaki nani karibu?"

Nikamrushia mchanga usoni. Hakujipangusa.

Simu ikalia. Ilikuwa Vivian. Habari haina breki, mtu wa pwani alishampigia.

"Mama, ni kweli? Ni kaka?"

"Nani amekuambia?"

"Mama, mlete. Nimesikia baba mkubwa anakataa. Mlete tu. Mimi siogopi hizo vitu."

Alikuwa anahema. Nilimsikia anavyohema, ile ya mimba kubwa, pumzi inakuja nusu inarudi.

"Umekaa ama umesimama?"

"Nimesimama. Mama, usinibadilishie maneno. Nimesema siogopi!"

"Kaa chini, Vivian."

"Hata wale wa Busibwabo wakikataa kuja, wakatae! Ni ndugu yangu."

"Nimesikia. Kaa chini kwanza, mama. Weka miguu juu ya kitu."

"Nimekaa. Utamleta?"

Nikamwambia nitampigia. Nikazima simu kabisa.

Nilikaa pale na mwanangu. Kama Vivian angeogopa, haki ya Mungu, ningempeleka Chrispine nyumbani, ningechimba mwenyewe kwa sufuria. Ningesema ni uoga wa watoto, nimkemee, yaishe. Lakini hakuogopa. Baba yake pia hakuogopa, alichimba akipiga mluzi. Nilijaribu kusali nikaona sina la kusema kwa Mungu ambalo si matusi. Nilijaribu kuwaza kwamba ni moyo tu, ni moyo ulimwua mume wangu, madaktari wamesoma. Niliwaza hivyo kwa nguvu zangu zote. Halafu nikaisikia tena ile pumzi ya Vivian kwenye simu, na nikajua siwezi kuuweka uhai wake dau.

Naibu wa chifu akaja, akachuchumaa mbele yangu. Ni mtu wa hapa hapa. Alikuwa kwenye mazishi ya mgomba, alikula wali wetu. Chrispine alisoma na mdogo wake.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "lazima niandike. Nakuuliza kama serikali, si kama mimi. Uangalie vizuri kabla ya kujibu. Unamjua huyu mtu?"

Juu ya tuta watu wote walisogea kusikiliza. Kila mmoja wao alimjua. Rita alikuwa ameshika mkono wa Ken, ananiangalia, na kichwa chake kinatikisika, hapana, hapana, hapana.

"Simjui," nikasema.

"Mama!" Rita akalia. "Mama, usiseme hivyo! Ni Chrispine!"

"Huyu msichana amechanganyikiwa," nikamwambia naibu wa chifu. "Anatoka mbali. Amefiwa na rafiki."

Akaandika. Kalamu ilikuwa haitoki vizuri, akaikwaruza pembeni mwa karatasi.

"Ana kitu chochote cha kumtambulisha?"

"Mkanda tu. Mikanda iko mingi."

Shemeji Oundo alikuwa amenipa mgongo. Vijana wa pwani walishaanza kushuka na majembe, wakaenda pale kando kidogo ya leso yangu, wakaanza kuchimba. Mchanga ni mlaini, haukuwachukua muda. Nilitaka kulia kwa sauti, ile ya mama, lakini mama halilii maiti ya mtu asiyemjua, kwa hivyo niliuma mkono wangu, huu hapa, alama bado iko.

"Aliyempata ni nani?"

"Ni mimi."

"Na wewe," akasema, macho yake yako kwenye daftari, hayathubutu kupanda, "wewe ni nani kwake?"

"Mimi si mtu kwake," nikasema. "Mimi natembeza wageni. Nilikuwa nawaonyesha kenge."